Lete Jicho

Hakuwa na desturi ya kuitikia salamu hapo hapo. Ukimwamkia "Shikamoo, Nesi," alikusogelea, akakukamata kidevu kwa vidole viwili, akasema, "Lete jicho," kisha akavuta kope ya chini na kutazama ndani. Akishatosheka ndipo aliposema marahaba, na mara nyingi aliongeza alichokiona. "Marahaba, damu ndogo." Au, "Marahaba, na pombe ya jana ipunguze." Siku ya harusi yangu alipofika mbele yetu kutupa mkono wa pongezi, alimvuta bibi harusi kope mbele ya padri na mpiga picha, akamwagiza ale maini na majani ya maboga kabla hajafikiria kubeba mimba. Mke wangu alilia. Alipopata ujauzito hakukubali kuguswa na mtu mwingine isipokuwa Nesi.

Namwandika kwa sababu nimemjua tangu utotoni na bado ananichanganya. Wengine huandika habari za watu wanaowaelewa. Mimi ni fundi wa redio, runinga na vikorokoro vingine, nina kibanda changu Kashai, mjini Bukoba, na kazi yangu ni kufungua kitu nijue kilivyo. Huyu sikuwahi kumfungua nikamaliza.

Kila mtu alimwita Nesi. Kijijini kwetu Kaagya, alikofanya kazi kwenye zahanati miaka mingi, na Kibeta alikohamia baada ya kustaafu, sijamsikia mtu akimwita kwa jina, hata padri. Saa yake ya kazini, ile inayobanwa kifuani kichwa chini, aliendelea kuivaa mpaka kanisani. Mahubiri yakirefuka aliiinua, akaitazama, na mhubiri aliyemfahamu alifupisha.

Alikuwa na neno moja alilolirudia kuliko yote: "Usiniambie unachodhani. Niambie ulichokiona." Nililisikia mara ya kwanza nikiwa darasa la pili. Nilikwenda zahanati na tumbo linaniuma, nikamwambia nadhani ni minyoo. Alinitoa nje. Nilisimama chini ya dirisha mpaka nikakumbuka kwamba nilikuwa nimekula senene, wale panzi wa kwetu, wabichi na wenzangu kwa kushindana, nikaingia nikasema hivyo, na hapo ndipo nilipopewa dawa. Siku hizi mteja akija Kashai akaniambia anadhani redio yake imeingia maji, mdomo wangu unamjibu kwa sauti ya Nesi kabla sijauzuia.

Na alikuwa mtu wa chati. Zahanati ilikuwa na chati za wagonjwa, hilo ni sawa, lakini yeye alistaafu nazo. Kuku aliyeatamia alikuwa na chati yake imefungwa kwa uzi juu ya banda: siku ya kumi na nne, hali nzuri, ana hasira. Mgomba mmoja uliopatwa na mnyauko kwenye kibanja chake cha Kibeta aliufungulia chati pia, akaandika kila asubuhi majani mangapi yamegeuka njano. Alipoukata aliandika chini kabisa: amefariki saa nne kasoro. Nilicheka nilipoiona. Yeye hakucheka, akaniuliza nilichokiona cha kuchekesha ni kipi.

Lakini kilichomfanya aogopwe na kina mama wote wa Kaagya ni mablanketi. Asubuhi za mvua kule kwetu ni baridi ya kweli, na mama mwenye mtoto anayechemka homa humfunga sweta, juu yake kitenge, juu ya kitenge blanketi, juu ya blanketi kitenge kingine, ndipo anatoka naye. Nesi alikuwa akiwaona kwa mbali. Alitoka nje ya zahanati, akamnyakua mtoto, akamvua kimoja kimoja na kukitupa kwenye nyasi huku akipiga kelele, "Mnampika mtoto! Mnampika!" Kisha alimfuta kwa maji ya uvuguvugu, akampa dawa, na wengi walipona. Mama yangu alifanyiwa hivyo kwa ajili yangu. Blanketi lilikuwa la harusi yake na lilitua kwenye tope, na mpaka leo akilitaja uso wake unabadilika. Nyumbani kwetu likawa neno la utani. Sufuria ya ndizi ikifurika jikoni, baba alisema, "Jamani, mnampika mtoto."

Sasa mwanamke huyo huyo, ingia nyumbani kwake. Hakukuwa na kitu kilichokaa bila nguo. Alifuma vitambaa mwenyewe kwa sindano, vyeupe vyenye ukingo wa kijani, na kila kitu kilikuwa na chake. Makochi, sawa. Meza, sawa. Lakini redio ilikuwa na kitambaa, chujio la maji lilikuwa na kitambaa, runinga ilikuwa na kirefu kilichoning'inia mbele kama nywele za usoni, na rimoti ilivaa mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira. Nilimuuliza siku moja inakuwaje yeye aliyewavua watoto wote wa Kaagya amevika mbao na plastiki. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Vumbi ni ugonjwa, Fundi," akasema. Nikaondoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume. Alitaka awe tabibu, akawa mvuvi wa dagaa kwenye visiwa vya Muleba, na hilo Nesi alilimeza bila maneno mengi. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukijaa taa hazina kazi, wavuvi hupumzika, na siku hizo ndizo mwanaye alizokuja Kibeta, kila mwezi mpevu, siku tatu nne, na mfuko wa samaki. Kwa hiyo Nesi alihesabu siku kwa kutazama juu.

Kulikuwa na mjukuu pia. Nitalisema hili mara moja kwa sababu nililiona mwenyewe na sipendi kulirudia. Mtoto wa miaka miwili alishikwa na homa kule kisiwani. Upepo ulikuwa mkali, mitumbwi haikutoka mpaka kesho yake mchana. Baba yake alimfunga blanketi na koti lake la mvua ili mawimbi yasimlowanishe, akavuka naye, na mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, wakaelekezwa wamwahishe hospitali ya Bukoba. Nesi alikuwa anawasubiri stendi. Nami nilikuwepo, nimekwenda kupokea vipuri kutoka Mwanza. Basi liliposimama alimchukua mtoto mikononi mwa mwanaye, akalifungua koti, akalifungua blanketi, akatulia. Mtoto alikuwa ameshaondoka. Nesi aliinua uso, na mbele ya sisi wote, akamwambia mwanaye neno moja.

"Umempika."

Haikuwa kweli. Ilikuwa malaria na upepo na saa zilizopotea, na yeye alijua hilo kuliko mtu yeyote pale stendi. Kwa nini alilisema sijui. Nimewaza kwamba lilikuwa limezoea kutoka, kama mkono wa fundi unavyojiendea kwenye bisibisi. Nimewaza pia kwamba alitaka pawe na mkosaji. Nilimkasirikia sana siku ile, na hasira ile sijui niliiacha lini.

Baada ya mazishi mwanaye aliendelea kuja. Mwezi mpevu, mfuko wa samaki, siku tatu nne. Alirekebisha bati lililovuja, alikula alichopewa, akaenda kulala. Hakusema kitu kisichokuwa cha lazima. Niliitwa pale kutengeneza runinga siku moja akiwepo, na niliona jambo lililonishtua: Nesi alimpa mwanaye mkono, kama anavyompa mkono mgeni wa parokia. Hakumwambia alete jicho. Mimi nilivutwa kope, mwendesha bodaboda aliyenileta alivutwa kope, yule mrefu aliyesimama kando ya kabati hakuguswa.

Ndipo ikaja mashine ya gemu. Kijana huyo aliinunua mpya kwenye duka moja mjini, na waranti ya mwaka mmoja, akaiacha kwa mama yake kwa sababu umeme wa kule kisiwani ni wa kubahatisha. Akija aliketi mbele ya runinga na kucheza mpira peke yake. Nesi, ambaye alikuwa akizima redio mtangazaji wa mpira akianza kupiga kelele, aliketi nyuma yake akifuma. Miezi miwili ilipita hivyo. Siku moja mchezaji kwenye kioo alianguka akajishika mguu, na Nesi akauliza, "Huyo ameumia wapi?"

"Goti, mae," mwanaye akajibu, akimwita mama kwa Kihaya.

Nesi aliniambia baadaye kwamba hilo lilikuwa neno la kwanza alilolipata tangu makaburini ambalo halikuhusu chakula wala bati. Mwezi uliofuata alishika pedi ya pili, kile kishikio chenye vitufe vya kuchezea.

Nimewaona wakicheza. Sijawahi kuona mpira wa namna ile. Nesi alikuwa anakimbiza wachezaji wake wote upande mmoja kama anayefukuza mbuzi kwenye kibanja, na mtu akianguka, awe wake au wa mwanaye, aliweka pedi mapajani na kusubiri. Kuna kitufe cha kuruka sehemu hiyo ili mchezo uendelee. Alikataza kisiguswe. "Acha kwanza wamtazame," alisema. Na katika kusubiri huko, macho yote mawili yakiwa kwenye kioo, mwanaye alimweleza mambo. Kwamba mke wake amerudi kwao na hana uhakika kama atamfuata. Kwamba kuna usiku akiwasha taa ziwani anasikia mtoto akikohoa kwenye mtumbwi.

"Macho yake yakiwa kule, mdomo wake unakuja huku," Nesi aliniambia. "Nikiizima ile kitu, anafunga."

Ndiyo maana alipoingia kibandani kwangu asubuhi moja, amebebwa na bodaboda kutoka Kibeta, mashine imefungwa kwenye kitenge na ameipakata kwa mikono miwili, nilijua kilichokuja hapo hakikuwa gemu. Mashine ilikuwa imekata roho siku ileile mwanaye aliporudi kisiwani. Waranti, ukihesabu mpaka asubuhi hiyo, ilikuwa imekwisha siku kumi na tisa. Na mwezi, alinionyesha kwa kidole juu japo ilikuwa mchana na hapakuwa na kitu cha kuona, ulikuwa umefika nusu.

"Una siku saba," akasema. Kisha akanivuta kope. "Na ulale mapema."

Kitu cha pili alichokitoa mfukoni kilikuwa chati. Mwaka mzima, tarehe kwa tarehe. Saa ya kuwashwa. Saa ya kuzimwa. Joto, lililopimwa kwa kiganja: vuguvugu, moto kiasi, moto sana. Hali ya jumla. Na safu ya mwisho kabisa, yenye alama ya vema kila mstari bila kukosa hata mmoja: amefunikwa.

Niliisoma safu hiyo mara tatu. Nikamwambia aende sokoni, arudi baada ya saa moja. Nilihitaji kufungua nikiwa peke yangu.

Ndani mlikuwa safi, si kama za vibanda vya gemu zinazoletwa zimejaa vumbi na mende. Hapakuwa na vumbi hata kidogo. Kulikuwa na nyuzi. Feni ilikuwa imezivuta kupitia matundu ya hewa, mwezi baada ya mwezi, ikazisokota kwenye mhimili wake mpaka ikashindwa kuzunguka, injini yake ikaungua na joto likakosa pa kutokea. Nyuzi nyeupe za pamba. Na katikati yake, nyembamba, za kijani.

Nilikaa nimezishika kwa kibanio. Mashine ilikuwa imechemka chini ya kitambaa, na aliyeifunika alikuwa ameandika homa yake ikipanda, vuguvugu, moto kiasi, moto sana, kwa mwandiko mzuri wa kazini, na kila mara akaifunika tena. Mwanamke yule! Ningemwambiaje? Neno la kusema lilikuwepo, na alikuwa amelifundisha wilaya nzima, na nilijua ni nani aliyelisikia mara ya mwisho.

Aliporudi nilisema, "Ni ubovu wa kiwandani, Nesi."

Nilidhani nimemhurumia. Nilikuwa nimemwogopa tu. Na uongo wangu ulifanya kile ambacho ningekijua kama ningefikiri dakika moja zaidi: aliifunga mashine kwenye kitenge, akaikumbatia, akaniambia nifunge kibanda. Kama kosa ni la kiwanda, basi waliouza waitikie. Tukaenda dukani.

Mwenye duka alikuwa kijana mwenye adabu. Aliangalia risiti, akaangalia kalenda ukutani. "Mama yangu, waranti imeisha. Siku kumi na tisa zimepita. Shikamoo lakini."

"Lete jicho," Nesi akasema, akamvuta kope juu ya kaunta. "Marahaba. Imeishaje?"

"Ni ya mwaka mmoja, na mwaka umekwisha."

Nesi alifungua chati na kuitandaza juu ya kioo cha kaunta. "Hesabu. Amefanya kazi siku arobaini na mbili. Siku nyingine zote alikuwa amelala. Sasa nikuulize. Mgonjwa amepewa dozi ya siku saba. Amemeza siku mbili, akasafiri, akasahau vidonge nyumbani. Siku ya saba ikifika utasema amemaliza dozi?"

"Hapana, mama, lakini..."

"Dozi inahesabiwa kwa kalenda au kwa vidonge vilivyomezwa?"

"Vidonge."

"Basi mnanidai nini? Nyie mlinipa mwaka. Mimi nimetumia siku arobaini na mbili."

Mwenye duka alishika kichwa. Mteja aliyekuja kununua pasi aliacha pasi akasema mama ana haki. Mwingine akasema hana, kwa sababu chakula nacho kina tarehe hata kama hujakila. Wa kwanza akamjibu kwamba mashine si maziwa. Wakaanza kubishana kwa Kihaya, mwenye duka akajaribu kuhesabu siku za chati kwa kalamu, akapotea njiani, akaanza upya. "Waitu, mama, unanichanganya," akasema kwa heshima ya Kihaya, na kwa sauti yake nilijua analainika. Kwa dakika nzima niliamini kwamba uongo wangu utazaa mashine mpya na mambo yataishia hapo.

Kisha akaigeuza mashine, akaona stika ya kwenye skrubu imepasuka.

"Hii imefunguliwa. Nani kaifungua?"

"Fundi huyu," Nesi akasema, akanisukuma mgongoni nikasogea mbele. Alisema kwa fahari, kama anayemleta shahidi wake bora.

"Haya, fundi. Tatizo ni nini?"

"Nadhani ni..." nikaanza.

"Usimwambie unachodhani," Nesi alinikatiza. "Mwambie ulichokiona."

Sijui kama aliwahi kunitazama namna ile tangu siku ya minyoo. Alikuwa ananiamini. Wale wateja wawili waliacha kubishana ili wasikie.

"Niliona feni imeziba," nikasema.

"Imezibwa na nini?" akauliza. Si mwenye duka aliyeuliza. Ni yeye.

"Nyuzi."

"Za rangi gani?"

Ningeweza kusema sikuangalia. Fundi hawezi kusema hivyo mbele ya Nesi. "Nyeupe," nikasema. "Na za kijani."

Alivaa miwani iliyokuwa inaning'inia shingoni. Aliivuta chati kutoka kwa mwenye duka, akaweka kidole kwenye safu ya mwisho, akashuka nacho mstari kwa mstari, vema, vema, vema, mpaka chini. Halafu akaikunja mara nne.

"Samahani kwa usumbufu, baba," akamwambia mwenye duka. "Dozi imekwisha."

Tukaondoka. Tulipita sokoni, tukapita wauza senene wanaokaanga, watu wakamwamkia shikamoo, naye hakumshika hata mmoja kidevu. Watu waligeuka kututazama. Nilitaka aniseme, aniite mwongo, kwa kuwa nilistahili. Tulipofika Kashai alinikabidhi mashine, akafungua kitenge, akakikunja na kukiweka begani.

"Itapona?"

"Feni mpya inatoka Mwanza. Ikifika mapema itapona. Moyo wake haujaungua."

"Ikichelewa?"

"Sijui, Nesi."

"Mwanangu anakuja na mwezi," akasema. Alisimama kidogo mlangoni mwa kibanda. "Tutakaa tukitazama nini?"

Hilo ndilo swali lililonisumbua wiki nzima. Nilipiga simu Mwanza kila siku mpaka yule wa vipuri akaacha kupokea. Nilijaribu feni tatu za mashine nyingine na hakuna iliyoenea. Kila jioni nikifunga kibanda nilitazama mwezi, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani mwangu, na kila jioni ulikuwa umenenepa. Mke wangu aliniuliza nimeanza lini kuvua dagaa.

Mzigo ulifika siku yenyewe, saa saba mchana. Nilifunga feni nikiwa nimesimama. Nikaiwasha, ikaimba wimbo wake wa kuamka, nikaizima na kuita bodaboda. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha kuelekea Kibeta, ile isiyolowesha mtu mara moja. Nilikuwa nimeikumbatia mashine kifuani bila kuifunika na kitu, na nilijiona mjinga, nikainama juu yake niikinge.

Mlango ulikuwa wazi. Nilifika barazani, nikafungua mdomo nibishe hodi, nikaufunga.

Walikuwa wameketi kwenye kochi, mama na mtoto, bega kwa bega. Kila mmoja alikuwa na pedi mkononi. Pedi hazikuwa zimeunganishwa na chochote. Mbele yao runinga ilikuwa imezimwa, kioo cheusi kitupu, na kile kitambaa kirefu hakikuwepo. Hakukuwa na kitambaa popote sebuleni. Redio, meza, chujio la maji, vyote vilikuwa wazi na vilionekana vidogo.

"Haikuharibika yenyewe," Nesi alikuwa anasema, macho kwenye kioo. "Na kiwandani hawana kosa. Niliifunika mimi, nikaona inachemka, nikaifunika tena. Niliipika."

Vidole vya mwanaye vilikuwa vinabonyeza vitufe vya pedi iliyokufa, taratibu.

"Ulikuwa unaikinga, mae," akasema. "Uliona vumbi. Ungefanyaje? Ulikuwa unaikinga tu."

Nilimwona Nesi akishusha pedi mapajani, kama alivyokuwa akifanya mtu akianguka uwanjani.

"Maneno hayo," akasema, "ndiyo niliyopaswa kukupa siku ile stendi. Homa ndiyo iliyomchukua. Blanketi halikumfanya kitu, na nilijua, nikakuambia lile lingine."

Mvua ilikuwa inaingia shingoni mwangu. Sikuweza kuingia na sikuweza kuondoka. Vidole vya kijana vilisimama juu ya vitufe, nikadhani wamesahau kwamba mashine haipo na wanasubiri mchezo uendelee.

Kisha Nesi akageuka, akamtazama mwanaye usoni.

"Lete jicho," akasema.

Kijana aliweka pedi chini. Ni mrefu sana, ilibidi akunje shingo yake yote. Mama yake akamshika kidevu kwa vidole viwili, akaivuta kope ya chini, akatazama ndani, akaendelea kutazama, muda mrefu kuliko unaohitajika kuona damu. Nami nilibaki mlangoni na mashine iliyopona mikononi, nisijue nibishe hodi au nirudi nayo Kashai.